Ramani na Maji katika Nchi ya Wanavajo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



 Yamkini wengine kati yenu walitazamia tuseme juu ya mishahara, au likizo, au nyumba za makarani, kwa kuwa hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kila mara. Walakini leo twaomba ruhusa kuwachukua mbali, mpaka Marekani, katika nchi kavu ya watu waitwao Wanavajo. Twataka kutazama jambo moja linalotuhusu sisi sote tushikao kalamu, yaani jinsi nchi ipimwavyo, jinsi maji yaandikwavyo katika ramani, na baada ya kuandikwa yamfaa nani.

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Iko kusini-magharibi ya Marekani, katika Arizona, New Mexico na Utah. Ukubwa wake wapata maili za mraba 27,000, nao wazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Wenyewe hujiita Diné, maana yake watu. Mtu asidhani kuwa jangwa lile ni mchanga mtupu ulio sawasawa kama pwani. Ni jangwa la juu. Sehemu kubwa yake iko baina ya futi 5,000 na 7,000 juu ya bahari, na mlima uitwao Navajo Mountain wapita futi 10,000. Kuna magenge mekundu, makorongo marefu, na nyanda zilizoinuka kama meza. Wakati wa baridi theluji huanguka, na wakati wa joto jua huchoma. Katika sehemu za chini mvua ya mwaka mzima haifiki inchi 10, tena huja kwa ghafula. Mto hujaa kwa saa chache, ukachukua udongo, kisha hukauka ukabaki mchanga.

Basi watu hupata wapi maji? Jibu liko katika mawe. Jiwe la mchanga la nchi ile hunywa mvua na theluji polepole kama sifongo. Chini yake mna tabaka nyingine zilizoshikamana, ambazo hazipitishi maji upesi. Maji yakifika hapo huzuiliwa, hutafuta njia ya upande, na hutokea chini ya genge kama chemchemi ndogo. Mwenye kuijua nchi hutazama mahali palipo na majani mabichi chini ya jabali, akajua kwamba pana kitu. Asiyeijua huweza kupita hatua 100 kutoka hapo, naye akafa kwa kiu.

Wanavajo waliyaandika maji yao kabla hajafika mpima yeyote, lakini waliyaandika katika majina. Neno lao la maji ni tó. Mji ambao ramani huuita Tuba City, wao huuita Tó Naneesdizí, yaani maji yaliyotatana. Jina la Tonalea latokana na maneno yenye maana ya mahali maji yanapotiririka na kukusanyika. Kuna mahali paitwapo maji matamu, na mahali pengine jina lake hukuonya kwamba maji ya hapo ni machungu. Zaidi ya hayo, watu wenyewe huitwa kwa maji. Mnavajo akijijulisha kwa mgeni hutaja ukoo wa mama yake kwanza, na katika koo hizo wako Tódích'íi'nii, watu wa maji machungu, na Tó'áhání, watu wa karibu na maji. Mtoto akijifunza majina ya jamaa zake, amekwisha kujifunza kwamba maji ndiyo mwanzo wa kila kitu.

Sasa tuzitazame karatasi. Wapima wa kwanza wa serikali walikuja pamoja na askari. Katika 1849 Luteni James H. Simpson alifuatana na jeshi mpaka korongo liitwalo Canyon de Chelly, akaandika njia na mahali pa kunyweshea farasi. Katika 1859 Kapteni J. N. Macomb alipita kaskazini pamoja na mtaalamu wa mawe, John S. Newberry. Wakati ule swali la mpima lilikuwa hili: jeshi laweza kupita wapi, na litakunywa nini? Halikuwa swali baya kwa mwenye safari, lakini halikuwa swali la mwenye nchi.

Baada ya hapo zilikuja taabu. Katika 1864 maelfu ya Wanavajo walitolewa kwao kwa nguvu za jeshi, wakatembezwa kwa miguu maili mamia mpaka Bosque Redondo katika New Mexico, na wengi walikufa njiani na huko walikofungiwa. Maji ya huko yalikuwa mabaya na mazao hayakufaa. Tarehe 1 Juni 1868 mkataba ulitiwa sahihi, wakaruhusiwa kurudi katika sehemu ya nchi yao.

Twaomba ndugu wote watupe masikio hapa, kwa kuwa mkataba ule ni karatasi ya ofisi kama zile tuzijuazo. Mipaka yake iliandikwa kwa mistari: kaskazini digrii ya 37, kusini mstari upitao mahali palipokuwa na ngome ya zamani ya Fort Defiance, magharibi karibu na digrii 109 na nusu. Mpaka wa mashariki ulitajwa kwa mstari upitao ngome nyingine ya zamani, mahali paitwapo Chemchemi ya Dubu. Kwa hiyo maji yalitajwa katika mipaka, lakini yalitajwa kama jiwe la mpaka tu. Ziliandikwa mbegu, vyombo vya kulimia, na kondoo na mbuzi 15,000 watakaonunuliwa kwa ajili ya watu. Haikuandikwa kwa maneno wazi kwamba maji ya kuwanywesha kondoo hao ni ya nani. Miaka 155 baadaye mahakama ilibishana juu ya maneno hayo ambayo karani hakuyaandika. Tutarudi huko.

Idara ya kupima nchi na mawe ya Marekani iliundwa 1879, na tangu 1881 mkuu wake alikuwa John Wesley Powell, mtu aliyejulikana kwa kushuka mto Colorado kwa mashua. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi ya kuichora Marekani yote kwa ramani za vimo. Kazi hiyo hufanywa hivi. Wapima hupima kwanza mstari mmoja wa msingi kwa uangalifu mwingi. Kisha kutoka ncha zake mbili hutazama kilele cha mlima kwa darubini, na kwa pembe hizo hujua umbali wa kilele pasipo kukifikia. Pembetatu moja huzaa nyingine, mpaka nchi nzima imefunikwa. Halafu mpima huweka meza yake yenye miguu mitatu juu ya kilima, akachora palepale ayaonayo. Kila mstari wa kimo hupita mahali pote palipo na urefu ule ule juu ya bahari. Mistari ikisongamana, pale pana genge. Ikiachana, pale ni uwanda.

Walakini ramani za kwanza za nchi ile zilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 250,000, yaani inchi moja ya karatasi ni karibu maili 4 za ardhi. Baina ya mstari mmoja na mwingine palikuwa na futi 200 au zaidi. Kwa kipimo hicho mlima huonekana vizuri, lakini chemchemi inayonywesha kondoo mia haiwezi kuonekana ila mtu akiwa amekusudia kuitia alama. Hivyo ramani yaweza kuwa ya kweli katika kila mstari, na bado ikaacha kile ambacho wenyeji hukijua kuwa ndicho uhai wao.

Mtu aliyekusudia kuyaandika maji alikuwa Profesa Herbert E. Gregory wa Chuo Kikuu cha Yale. Tangu 1909 alisafiri katika nchi ya Wanavajo na jirani zao Wahopi kwa ajili ya idara ile ile, na kitabu chake kilipigwa chapa 1916, chenye kurasa zaidi ya 200 pamoja na ramani. Humo alieleza mvua, mito, chemchemi, visima, mahali pafaapo kuchimbwa, na mahali ambapo maji ya mvua yangeweza kuzuiliwa. Lile jiwe la mchanga tulilolitaja lilipewa naye jina la Navajo, nalo laitwa hivyo mpaka leo. Ilikuwa kazi kubwa, na kwa haki twaisifu. Lakini mgeni katika nchi kama ile hufika kwenye maji akiongozwa na njia za kondoo, na njia za kondoo zimefanywa na wachungaji. Jina la mpima huandikwa juu ya jalada. Mchungaji aliyetangulia kuyajua maji haandikwi.

Tukafika sasa miaka ya 1930. Serikali iliona kwamba udongo wa nchi ile wachukuliwa na maji, na ya kuwa udongo huo washuka katika mto Colorado, ambako bwawa kubwa lililoitwa Boulder, na baadaye Hoover, lilikuwa likijengwa. Ikasemwa kuwa mifugo imezidi. Picha zilipigwa kutoka ndegeni, majani yakahesabiwa, na nchi ya Wanavajo na Wahopi ikagawanywa wilaya 18 za malisho. Kila mnyama aligeuzwa hesabu: farasi mmoja alihesabiwa sawa na kondoo 5, ng'ombe mmoja sawa na kondoo 4. Kisha ikaamuliwa kwamba nchi nzima yaweza kuchukua kama nusu milioni tu.

Hesabu hiyo ilikuwa safi katika daftari. Nje ya daftari, kondoo na mbuzi kwa maelfu walichukuliwa kwa bei ndogo, na wengine walipigwa risasi wakaachwa wakaoza katika makorongo, mbele ya macho ya wenyewe. Wengi wa wenyewe hao walikuwa wanawake, maana kwa desturi ya Wanavajo mwanamke ana kundi lake, na hawakuulizwa. Kumbukeni, ndugu, kwamba serikali iliyoahidi kondoo 15,000 katika 1868 ndiyo iliyokuja kuwapunguza. Twakubali kwamba ardhi ilikuwa imechoka kweli, na ya kwamba katika miaka hiyo hiyo visima vilichimbwa, pampu za upepo zikasimamishwa na malambo yakafanywa. Mpaka leo visima vingi vya huko hutajwa kwa nambari ambayo tarakimu yake ya mwanzo ni ya wilaya ya malisho. Lakini Wanavajo hawakusahau. Wazee walisimulia habari za mbuzi wale kama walivyosimulia habari za safari ya 1864.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twalipenda neno hilo, kwa kuwa lasifu kazi yetu. Lakini habari za Wanavajo zatufundisha upande wake wa pili, kwamba mali yaweza kuwa na daftari, tena daftari zuri, na bado ikapotea kwa mwenyewe, kwa sababu daftari limo mkononi mwa mwingine.

Tutatoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa makaa ya mawe. Katika uwanda wa juu uitwao Black Mesa yalichimbwa makaa, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka mwisho wa 2005 makaa hayo yalisagwa, yakachanganywa na maji, na kusukumwa katika bomba la maili 273 mpaka kwenye mitambo ya umeme katika Nevada. Maji hayo yalivutwa kutoka chini ya ardhi, katika lile lile jiwe la Navajo, kwa kiasi cha galoni zaidi ya bilioni moja kila mwaka. Maji yaliyokuwa yamepimwa na kusifiwa kwa usafi wake yalitumiwa kubeba makaa, hali nyumba zilizokuwa juu yake hazikuwa na mfereji.

Wa pili ni wa urani. Kuanzia 1944 mpaka 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika nchi ya Wanavajo. Wachimbaji walipoondoka waliacha machimbo zaidi ya 500. Tarehe 16 Julai 1979, mahali paitwapo Church Rock, ukuta wa bwawa la takataka za urani ulibomoka, na galoni milioni 94 za maji yenye sumu zikamwagika katika mto Puerco, ambao watu walinyweshea mifugo yao. Hapo ramani mpya ya maji ikatakiwa, nayo ya namna nyingine, isiyoonyesha maji yalipo tu, bali maji yasiyofaa kunywewa. Wapima wa mazingira walipochunguza visima 240 visivyo chini ya uangalizi, waliona 29 vimepita kiasi kilichoruhusiwa. Ni jambo la huzuni kumwambia bibi mzee kwamba kisima walichokinywa wazazi wake ni sumu. Lakini kutomwambia ni jambo baya zaidi.

Turudi sasa kwenye mkataba, kama tulivyoahidi. Katika 1908 mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua, kwa shauri la kabila jingine la kaskazini, kwamba nchi ikiwekwa kwa ajili ya watu, na maji ya kuwafaa yamewekwa pamoja nayo. Wanavajo wakashika neno hilo. Waliiomba mahakama iilazimishe serikali kupima mahitaji yao ya maji na kufanya shauri la kuyapata. Tarehe 22 Juni 2023 hukumu ilitoka, majaji 5 kwa 4. Wale 5 walikubali kwamba haki ya maji ipo, ila walisema kuwa mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua hizo. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika kwa niaba ya wale 4, aliifananisha hali ya Wanavajo na ya mtu aliyekwenda ofisi ya leseni za magari, akasimama foleni kwa saa nyingi, akaambiwa aende foleni nyingine, na huko akaambiwa vivyo hivyo.

Ndugu wanachama, mfano ule haukutolewa kwa ajili yetu, lakini sisi twauelewa kuliko majaji. Sisi ndio tukaao upande wa pili wa dirisha. Twajua jinsi ilivyo rahisi kusema, si hapa, nenda chumba cha pili. Twajua pia kwamba mara nyingi hakuna chumba cha pili.

Na hali yenyewe ni hii. Katika nchi iliyopimwa kwa darubini, kwa ndege na kwa mitambo iliyo juu ya anga, karibu nyumba 3 katika kila 10 za Wanavajo hazina mfereji wa maji. Watu hupakia mapipa katika magari yao, wakaenda maili nyingi kuyajaza. Katika hukumu ile imeandikwa kwamba Mnavajo mmoja hutumia kama galoni 7 kwa siku kwa kazi zote za nyumbani.

Hatusemi kwamba hakuna kitu kilichofanywa. Bomba kubwa la kutoka mto San Juan, la maili zipatazo 300, liliidhinishwa kwa sheria ya 2009, na baadhi ya vijiji vimekwisha kupata maji yake. Wanavajo wenyewe wana idara yao ya maji, ambayo watu wake hupanda milima ya Chuska wakati wa baridi kupima theluji, wapate kujua maji ya mwaka ujao. Hapo twaona jambo jema kupita yote, yaani daftari limerudi mkononi mwa mwenyewe.

Katika hayo yote, sisi tunajifunza mambo matatu.

La kwanza, tuandike jina kama mwenyewe alisemavyo. Jina la mahali ni maarifa. Ukiliharibu au ukalibadili kwa upesi wa kazi, umefuta kisima.

La pili, tusidhani kwamba kilichokosekana katika karatasi hakipo katika nchi. Katika ramani za Marekani mto wa siku zote huchorwa kwa mstari mzima wa buluu, na mto wa msimu kwa mstari uliokatika-katika wenye nukta. Mchoraji yule alikuwa mwaminifu, alionyesha hata mashaka ya maji. Nasi tuwe hivyo katika barua zetu na hesabu zetu. Kilicho hakika tukiandike kuwa hakika, na cha msimu tukiandike kuwa cha msimu.

La tatu, tukumbuke kwamba ramani si maji. Kuandika ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Karani akiisha kutia wino, kupiga muhuri na kufunga faili, hudhani amemaliza. Kumbe mwenye shida bado amesimama nje na pipa lake tupu. Tukiweza kufanya jambo moja tu, na tufanye hili, mtu akija dirishani petu, tusimpeleke foleni nyingine kabla hatujahakikisha kwamba huko yuko mtu wa kumpokea.